Austria: chama cha "wageni watoke" kilivyonaswa kikimpangia mgeni tenda za serikali, na bado kinazoa kura

Mtanga wa Vienna

Wakuu salama? Juzi kuna mdau kaandika kwamba hivi vyama vya mrengo wa kulia huko Ulaya angalau haviibi, ati ni watu wenye uchungu na nchi zao ndo maana wanakataa wahamiaji. Nilisoma nikiwa kwenye tram nikacheka mpaka mama wa pembeni akahama siti. Mimi nipo hapa Vienna mwaka wa kumi na tatu sasa, nilianza kwa kuosha vyombo hotelini, siku hizi nalea wazee majumbani, kwahiyo hiki kisa nimekiona kikipita mbele yangu. Ni kirefu, tafuteni chai.

Chama chenyewe kinaitwa FPÖ, yaani Chama cha Uhuru. Kilianzishwa 1956 na mwenyekiti wake wa kwanza, Anton Reinthaller, alikuwa ofisa wa SS. Aliyempokea kijiti, Friedrich Peter, naye alipigana Waffen-SS. Hakuna siri hapo, kila mtu anajua. Miaka mingi kilikuwa kichama tu cha asilimia chache mpaka 1986 alipokuja Jörg Haider, kijana mtanashati mwenye mdomo, leo yuko na suti kesho yuko na mavazi ya wakulima anakunywa bia na wanakijiji. 1991 akang'olewa ugavana wa jimbo la Carinthia kwa kuisifia sera ya ajira ya Hitler bungeni. Mngedhani kaisha. 1999 akarudi kwenye kiti kilekile, na Oktoba mwaka huohuo chama kikapata asilimia 26.9 nchi nzima, kikawapita wahafidhina wa ÖVP kwa kura 415 tu. Kura mia nne na kumi na tano wakuu, hata shina la chama kule kwetu lina watu zaidi ya hao.

Wale ÖVP walioshika nafasi ya tatu wakaona wasipitwe na basi, wakaunda serikali ya mseto na Haider, Chansela, yaani kiongozi wa serikali, akawa mtu wao Wolfgang Schüssel. Siku ya kuapishwa, Februari 2000, mawaziri walipita njia ya chini ya ardhi kwenda kwa Rais maana nje watu walikuwa wamefurika wanazomea. Nchi 14 za Umoja wa Ulaya zikawapunguzia uhusiano, lakini Septemba zikaondoa vikwazo na maisha yakaendelea.

Kabla sijaenda mbali niseme moja, maana mnaweza kudhani ubaya wote ni wa FPÖ. Tarehe 1 Mei 1999, FPÖ wakiwa bado upinzani, kijana wa Kinaijeria anaitwa Marcus Omofuma alifia kwenye ndege akirudishwa kwao kupitia Sofia. Polisi watatu walimfunga na gundi ya plasta mdomoni mpaka akakosa pumzi. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa wa chama cha wasoshalisti. Wale polisi 2002 walipewa miezi minane, tena ya nje. Mwezi huohuo Mei polisi karibu 850 walivamia nyumba na hosteli za Waafrika usiku kwa jina la msako wa madawa. Leo kuna jiwe jeusi la kumbukumbu mwanzo wa Mariahilfer Straße, wazungu wanapita na mifuko ya shopping, mimi kila nikipita nalishika kidogo. Wala simfahamu, nalishika tu.

Haya, tuje kwenye ulaji.

Serikali ile ya 2000 ilikuwa na waziri wa fedha kijana, Karl-Heinz Grasser, zao la Haider, magazeti yalimpenda kama mcheza sinema. 2004 serikali ikauza nyumba za umma karibu 60,000, shirika linaitwa BUWOG. Mnunuzi mmoja kaweka yuro milioni 960, mwingine kaweka milioni 961. Si bahati hiyo jamani! Baadae ikafahamika kuna cha juu cha milioni 9.6 kilipita Cyprus na Liechtenstein kikaishia kwa madalali, mmoja wao Walter Meischberger, aliyekuwa katibu mkuu wa FPÖ na rafiki wa Grasser. Simu yake ilikuwa inasikilizwa na polisi, na kwenye simu hiyo akaulizia yeye mwenyewe, eti kazi yangu pale ilikuwa ipi hasa? Yaani mtu kalipwa mamilioni halafu anauliza alifanya nini. Hilo neno mpaka leo ni utani wa nchi nzima, ukimwona fundi kakaa tu wenzake wanafanya kazi unamwambia. Grasser alihukumiwa miaka minane Desemba 2020, mahakama ya juu ikapunguza ikawa minne Machi 2025, na Juni 2025 akaingia jela. Miaka ishirini na kitu toka kitendo kifanyike.

Haider mwenyewe alifariki Oktoba 2008, amelewa, gari iko zaidi ya 140. Marehemu hasemwi, lakini jimbo lake lilikuwa limeidhamini benki ya Hypo Alpe Adria kwa zaidi ya yuro bilioni 20, jimbo lenyewe lina watu hawafiki laki sita. Mwaka uliofuata serikali kuu ikaichukua ile benki na walipakodi wakabebeshwa mzigo. Na miaka yote hiyo kwenye mabango adui alikuwa nani? Mturuki wa duka la kebabu.

Aliyerithi chama 2005 ni Heinz-Christian Strache, kazi yake ya asili fundi wa meno bandia. Mwandishi wa maneno yake alikuwa Herbert Kickl, mlishike hilo jina. Huyu Kickl, tuseme ukweli, ana kipaji. Mabango yao yote yana vina. 2006 waliandika nyumbani badala ya Uislamu, kwa Kijerumani chao inagongana vizuri kabisa "Daham statt Islam". Angezaliwa Zanzibar huyu angekuwa anatunga mipasho ya taarabu. Shida ni anayepashwa.

2015 ikafika. Agosti wakakuta lori limeegeshwa barabara kuu ya A4 karibu na Parndorf, ndani maiti 71 za wakimbizi. Nchi ililia. Wiki moja baadae stesheni ya Westbahnhof watu wanapokea wakimbizi na maji na midoli, mimi mwenyewe nilienda kubeba maboksi. Mwaka huo walioomba hifadhi walikuwa kama 88,000. Ikapita miezi, huruma ikachoka. 2016 mgombea wa FPÖ, Norbert Hofer, akakosa urais kwa kama kura elfu thelathini, Mahakama ya Katiba ikafuta matokeo kwa sababu ya uzembe wa kuhesabu kura za posta, wakapanga kurudia, halafu wakaahirisha tena kwa sababu gundi ya bahasha za kura haishiki! Ulaya hiyo. Desemba wakapiga, akashinda mpinzani wake Alexander Van der Bellen kwa asilimia 53.8.

2017 kijana wa miaka 30 Sebastian Kurz akaichukua ÖVP, akachukua na maneno ya FPÖ, akayapiga pasi, akayavaa. Akashinda uchaguzi, akaunda mseto na FPÖ, Strache akawa makamu wa Chansela, Kickl akapewa wizara ya mambo ya ndani. Kickl akabadili jina la kituo cha kupokea waomba hifadhi pale Traiskirchen kikaitwa kituo cha kuondokea. Akaanzisha polisi wa farasi Vienna. Akataka mwomba hifadhi akifanya kibarua alipwe yuro moja na nusu kwa saa. Na hii ilinigusa mimi kazini: kuanzia 2019 wakakata posho ya watoto kwa wafanyakazi ambao watoto wao wanaishi nchi za bei nafuu. Mnajua nani hao? Akina mama wa Romania na Slovakia wanaolala na vikongwe wa Austria masaa 24, makumi ya maelfu yao. Mwenzangu mmoja Mromania alikuwa na watoto wawili kwao, posho ilikatika karibu nusu, akawa anapiga hesabu kwenye karatasi ya dawa za bibi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaja kusema 2022 kwamba sheria ile haramu, ikabidi warudishe pesa.

Sasa kaeni vizuri. Tarehe 17 Mei 2019, Ijumaa jioni, magazeti mawili ya Ujerumani, Süddeutsche Zeitung na Der Spiegel, yanatoa video.

Video ilirekodiwa kwa siri Julai 2017 kwenye jumba moja kisiwani Ibiza, miezi mitatu kabla ya ule uchaguzi. Strache yupo na fulana, kwenye kochi, pembeni mwenzake Johann Gudenus anayejua Kirusi ndo anatafsiri. Mezani vodka na Red Bull. Mbele yao dada anayejiita mpwa wa tajiri wa Kirusi Igor Makarov, ana pesa nyingi anatafuta pa kuziweka Austria, na zenyewe haziwezi kupita benki kirahisi. Dada feki. Makarov mwenyewe alikuja kusema yeye kwao kazaliwa peke yake, mpwa atatoka wapi.

Masaa karibu saba. Strache anamwelekeza: nunua nusu ya Kronen Zeitung, ndo gazeti kubwa kuliko yote nchini, kule ndani tuondoe watatu wanne chap chap chap, tuweke wetu, tukilipata kabla ya uchaguzi hatupati 27 tunapata 34. Nataka vyombo vya habari kama vya Orbán (waziri mkuu wa Hungary wakati ule). Wewe fungua kampuni ya ujenzi, tenda zote za serikali inazopata Strabag (kampuni kubwa ya ujenzi ya hapa) utapata wewe. Michango usiilete kwenye chama, ipeleke kwenye asasi ya pembeni ili CAG wao asiione. Akataja na matajiri anaodai wanachangia kwa njia hiyo, wote wakakana. Hata maji ya nchi yakazungumzwa. Nimtendee haki, mara kadhaa alisema kila kitu kiwe kisheria. Ila ukimsikia unajua ni ile "kisheria" ya mtu anayeomba risiti ya rushwa.

Katikati akashtuka. Akamwambia Gudenus huu ni mtego, tazama kucha za miguu za huyu dada, chafu, binti wa kitajiri hawezi kuwa hivi. Halafu akaendelea kunywa. Sisi Waafrika airport tunakaguliwa mpaka soli ya kiatu, yeye aliona ushahidi wa kuchani akaupuuza.

Mimi hapo ndo nilipoelewa. Hawa hawana shida na mgeni. Mgeni mwenye hela, Mrusi, hana anuani, hajui Kijerumani, anakaribishwa sebuleni anagawiwa gazeti na barabara. Mgeni mwenye ufagio ndo mvamizi. Kesho yake baada ya video kutoka, Strache akajiuzulu, anasema zilikuwa stori za ulevi, alikuwa anajionyesha kwa mrembo, akamwomba msamaha mkewe. Jioni Kurz akavunja mseto, na tarehe 27 Mei bunge likamng'oa na yeye kwa kura ya kutokuwa na imani. Ikabidi nchi iendeshwe na mama jaji, Brigitte Bierlein, chansela wa kwanza mwanamke.

Kipara Mbishi

Mkuu story tamu ila umeandika kishabiki. Huyo Kurz alikuwa wa chama kingine sasa mbona unampitisha mlango wa nyuma? Au kwa vile anavaa vizuri

Mtanga wa Vienna

Kipara hujamwacha mtu apumue. Kurz naja naye.

Baada ya Ibiza waendesha mashtaka wakaanza kufukunyua nani alipewa kazi na nani, wakafika kwenye uteuzi wa mkurugenzi mmoja wa Casinos Austria aliyekuwa mtu wa FPÖ. Wakabeba simu za watu. Moja ilikuwa ya Thomas Schmid, bosi mkubwa wizara ya fedha. Jamaa alifuta kila kitu, kumbe kuna kifaa nyumbani kilikuwa kinahifadhi nakala chenyewe. Meseji kama laki tatu! Mle kuna Kurz anamwambia utapata kila unachotaka, kuhusu ukuu wa shirika la mali za serikali, na Schmid anajibu nampenda chansela wangu. Uchawa mnaoujua nyie ni wa darasa la kwanza. Mle pia kukaibuka tuhuma kwamba pesa za wizara zilitumika kulipia kura za maoni za kumpamba Kurz kwenye gazeti la udaku. Oktoba 2021 wakapekua mpaka ofisi ya Chansela, na Kurz, aliyekuwa amerudi kwenye kiti baada ya uchaguzi wa Septemba 2019, akajiuzulu. Yeye anakana yote. 2024 alipewa miezi minane ya nje kwa kusema uongo kwenye kamati ya bunge, Mei 2025 rufaa ikamfutia. Schmid akakiri kwa waendesha mashtaka.

Kwahiyo uone uzi wenyewe ulivyofumuka: kucha chafu Ibiza, ikavuta kasino, kasino ikavuta simu, simu ikaangusha Chansela wa chama kingine kabisa.

Dada wa Kisauni

Na huyo Strache yuko ndani?

Mtanga wa Vienna

Hapana dada. Kwa yale maneno ya kwenye kochi hakuna aliyefungwa. Alishtakiwa kesi nyingine ya kliniki binafsi, akahukumiwa, kesi ikarudiwa 2023 akaachiwa. Aliyekaa ndani ni yule mpelelezi binafsi aliyeandaa video, alipewa miaka mitatu na nusu 2022 kwa kesi ya kokeini, anasema kasingiziwa. Na siku tisa tu baada ya video kulikuwa na uchaguzi wa bunge la Ulaya, jina la Strache lilikuwa bado kwenye karatasi, watu zaidi ya 40,000 wakaliandika wanamtaka huyohuyo.

Kipara Mbishi

Hapo ndo unajijibu mwenyewe. Wananchi wanamtaka! Kama 2015 waliingia watu 88,000 kwenye nchi ya watu milioni nane na nusu, hata wewe Tanga wangekuja Wakongo laki mbili ungelalamika. Sio kila anayepigia kura hao ni mbaguzi. Shule huko si mnasema watoto hawajui Kijerumani?

Mtanga wa Vienna

Kigoma wamekaa na Warundi na Wakongo zaidi ya hao miongo na miongo ndugu yangu, waulize. Ila sikatai, hoja ipo. Shule za mtaa wangu Favoriten darasa lina lugha saba na mwalimu mmoja, mtoto wangu mwenyewe alikaa nusu mwaka haelewi kitu. Nauliza tu, katika ule mwaka wao mmoja na nusu madarakani waliajiri walimu wangapi wa Kijerumani? Walinunua farasi. Na farasi wenyewe Kickl alipotoka mradi ukafa wakagawiwa.

Kingine, hapa Vienna zaidi ya theluthi moja ya watu wenye umri wa kupiga kura, yaani miaka 16 na kuendelea, hawapigi kwa sababu si raia. Uraia ni miaka kumi, uonyeshe kipato, uache wa kwenu. Mimi nina miaka kumi na tatu ya kodi na sina kura hata ya kuchagua diwani. Ukimtukana mtu asiye na kura hupotezi kitu.

Mzee Kobe

Sasa baada ya aibu yote hiyo chama kimekufa au?

Mtanga wa Vienna

Shikamoo mzee. Kilizimia tu. Septemba 2019 wakashuka mpaka asilimia 16, na 2020 hapa Vienna wakatoka 30 wakaangukia 7. Tukadhani tumepona. Ikaja korona, 2021 Kickl akachukua uenyekiti, serikali ikaja na sheria ya chanjo ya lazima, akawa kila Jumamosi yuko barabarani anapinga. Bei zikapanda, umeme, kodi ya nyumba, vita ya Ukraine. Septemba 2024 wakawa wa kwanza kwenye uchaguzi wa bunge la nchi kwa asilimia 28.8, haikuwahi kutokea. Vyama vingine vikajaribu kuunda serikali bila yeye vikagombana, Januari 2025 Rais Van der Bellen ikabidi amkabidhi Kickl kazi, wiki tano za mazungumzo na ÖVP, yakavunjika Februari wakigombania nani achukue wizara ya mambo ya ndani. Polisi na usalama wa taifa viko humo, mzee utaelewa mwenyewe. Machi wakaungana watatu, Chansela ni Christian Stocker wa ÖVP. Na hao "wa kati" Julai wakasimamisha wakimbizi kuleta familia zao. Kickl yuko nje anapanda kwenye kura za maoni, huku sera yake inatekelezwa na waliomzuia.

Dada wa Kisauni

Lakini binafsi wanakutendeaje hao wapiga kura wake? Maana we unaingia majumbani mwao

Mtanga wa Vienna

Vizuri sana, ndo kinachonichanganya. Nina bibi mmoja wa miaka 88, yuko kwenye nyumba za manispaa toka ameolewa, mumewe alikuwa msoshalisti wa kadi. Yeye FPÖ toka enzi za Haider. Video ya Ibiza aliiona, nikamuuliza, akasema wote wezi ila huyu angalau alikuwa amelewa. Ananipikia supu ya maini Alhamisi, ananiuliza mama yangu Tanga kaamkaje, magoti yake yakoje. TV ikimwonyesha Kickl anaongeza sauti.

2024 hawezi kushuka ngazi, akaomba kura ya posta. Akajaza mezani mimi nipo jikoni naosha vyombo, akaniita nimsaidie kulamba bahasha maana mdomo wake mkavu, nikamwambia bibi hazilambwi siku hizi unabandua tu karatasi. Nikamfungia, nikaibonyeza, ikashika safari hii. Nikaenda nayo mpaka sanduku la posta pale kona, nikaitumbukiza, nikarudi kumpa dawa za saa nane.

Nakimbia zamu wakuu, tutaonana usiku.